Mama anayekohoa akifika leba, tunamkimbilia au tunamkimbia?

Chukulia mama ana mimba ya wiki 38, uchungu umemwanza usiku wa manane, na tangu juzi ana homa, kifua kinambana na anakohoa kile kikohozi kikavu cha kukosesha usingizi. Anafika leba. Kitu cha kwanza anachokutana nacho, na hapa naongelea sehemu nyingi sana duniani, ni watu kurudi nyuma hatua mbili. Anapewa barakoa, anaoneshwa chumba cha pembeni, aliyemsindikiza anaambiwa abaki nje, halafu mlango unafungwa. Kuanzia hapo kila anayeingia anaingia mbiombio na kutoka mbiombio. Mi nasema hatari yenyewe inaanzia hapo, manake huyu mama ndo anayetakiwa kuangaliwa mara nyingi kuliko wote mle wodini, na badala yake anageuka kuwa anayeangaliwa mara chache kuliko wote.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi haya mambo ni madogo. Virusi vya njia ya hewa na mimba havijawahi kupatana, na hilo halikuanza na korona. Mafua makubwa ya 1918 yaliua wajawazito wengi mno, na 2009 ilipokuja H1N1, ile watu waliyoiita mafua ya nguruwe, kule Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wote lakini kwenye vifo vya ugonjwa ule wakawa asilimia 5. Ikaja korona. Kuna utafiti wa 2020 unaitwa INTERCOVID, uligusa hospitali 43 kwenye nchi 18 na wanawake zaidi ya 2,100, wakawalinganisha wajawazito wenye korona na wasio nayo, wakakuta wenye korona hatari yao ya kufa ilikuwa mara 22 ya wenzao, kifafa cha mimba kilikuwa juu na watoto njiti walikuwa wengi zaidi. Hiyo 22 tusiishike kama msumari kwa sababu waliofariki kwa idadi walikuwa wachache, na namba ndogo huwa zinayumba. Ila kuna jambo jingine watafiti walilisema ambalo limenikaa kichwani kuliko hiyo 22: vifo vile vilijikusanya kwenye hospitali za maeneo ambayo huduma za wagonjwa mahututi hazikuwa kamili. Yani kirusi kilekile, mimba ileile ya miezi tisa, lakini mmoja ana oksijeni na mtu wa kumwangalia, mwingine hana.

Watu wengi ukiwauliza kwanini mjamzito anaumwa zaidi watakwambia kinga yake imeshuka. Kuna ukweli kidogo hapo (kinga ya mjamzito inabadilika namna inavyofanya kazi, haizimiki), lakini jibu zito liko kifuani. Mimba ikikua inausukuma juu ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kama sentimita 4 hivi, kwa hiyo akiba ya hewa inayobaki kwenye mapafu ukishapumua nje inapungua kwa karibu moja ya tano, na wakati huohuo mwili unatumia oksijeni zaidi kwa kama asilimia 20. Akiba imepungua, matumizi yamepanda. Ndo maana mtu asiye na mimba akipata nimonia anaweza kuyumbayumba siku kadhaa kabla hajaanguka, ila mjamzito unamwona anaongea vizuri, anajibu maswali, hata anatabasamu, halafu anashuka kwa ghafla ile ya kuwashangaza wote. Uchungu nao ukianza kila mkazo unakula oksijeni yake, na mtoto tumboni hana pengine pa kuvutia hewa zaidi ya damu ya mama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama huyu, kabla hata hamjauliza majibu ya kipimo cha kirusi, ni anapumuaje. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho naona kinapuuzwa kila mahali. Mjamzito mzima anavuta pumzi kubwa zaidi kuliko zamani, ila idadi ya pumzi kwa dakika haipandi sana. Mama akiwa anahema mara 26 au 28 kwa dakika hata pale mkazo ulipoachia, hiyo sio mimba na sio uchungu, hayo ni mapafu yanaomba msaada. Lakini jamani ni nani anayehesabu? Presha inapimwa, joto linapimwa, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikilizwa, pumzi inakadiriwa kwa macho na kuandikwa 20 kwa sababu 20 inaonekana nzuri kwenye karatasi. Kuhesabu pumzi hakuhitaji umeme wala vifaa, ni saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja nzima ya kukaa karibu na mtu, na hiyo dakika moja ndo inayokosekana pale wote wanapokuwa wanamkwepa.

Halafu kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni. Mtu mzima mwingine akisoma 92 au 93 unaweza kumsubiria, ila kwa mjamzito miongozo mingi inataka oksijeni ya damu ikae kama 95 au karibu kabisa na hapo, kwa sababu mtoto anategemea kile kinachobaki. Alale kwa ubavu asilale chali, kwa sababu tumbo likilalia mishipa mikubwa ya damu mgongoni linapunguza damu inayorudi kwenye moyo. Dripu zihesabiwe, manake mapafu yaliyovimba ukiyamwagia maji ya ziada unayazamisha. Haya yote sio mambo ya hospitali za kwenye picha, ni mambo ya mkunga makini aliyepewa nafasi ya kukaa karibu na mgonjwa wake.

Tuje kwenye kisu. Mwanzoni mwa korona, mapema 2020, ripoti za mwanzo kabisa zilitoka Wuhan na moja iliyosomwa sana ilihusu wanawake 9 wenye nimonia ya korona, wote 9 walijifungua kwa operesheni. Ukisoma haraka unajenga picha kwamba kumbe mwenye korona anatakiwa apasuliwe. Na ndivyo ilivyosambaa. Lakini ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba kwa wale sita waliopimwa, kirusi hakikuonekana kwenye maji ya uzazi, wala kwenye damu ya kitovu, wala kooni mwa mtoto, wala kwenye maziwa. Yani ushahidi wa kwamba hofu imekaa sehemu isiyo yake ulikuwa umelala palepale, ila kilichosafiri ni ule mtindo wa kupasua. Baadaye tafiti nyingi zilionesha mtoto anaweza kuambukizwa tumboni lakini ni kwa nadra, na njia ya kujifungulia haibadilishi hilo kwa maana yoyote. Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema wazi kwamba operesheni ifanyike pale tu kuna sababu ya kitabibu, korona peke yake haitoshi kuwa sababu. Kwa mafua ya kawaida ya influenza ni vilevile.

Na operesheni haiji bure. Kule Hispania walifuatilia wanawake waliojifungua wakiwa na korona kwenye ile miezi mibaya ya 2020, wakakuta waliopasuliwa walizidiwa baada ya kujifungua mara nyingi zaidi kuliko waliozaa kawaida. Najua mtu atasema labda waliopasuliwa walikuwa wagonjwa zaidi toka mwanzo, na ni hoja ya haki, watafiti wenyewe walijitahidi kuipigia hesabu na bado hamna anayeweza kuifuta kabisa. Ila fikiria mwenyewe, mwili una nimonia, halafu unauongezea jeraha la tumbo, damu kupotea, maumivu ya kukufanya uogope kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, na hatari ya damu kuganda ambayo korona na mimba kila kimoja kwa nafasi yake kilishaipandisha. Kama mama au mtoto anahitaji operesheni, ifanyike na ifanyike mapema, wala asisubirishwe eti ana kirusi. Mama akishakuwa mahututi na tumbo linawazuia madaktari kumpumulisha vizuri, kumtoa mtoto kunaweza kuwa ndo msaada wenyewe. Ninachopinga ni kumpasua ili sisi tumalize haraka tuondoke chumbani.

Kuna pia suala la sindano ya ganzi ya mgongoni, ambalo sehemu zenye huduma hiyo wengine waliogopa kuwapa wenye maambukizi. Ni kinyume kabisa. Mama akishakuwa na ganzi ya mgongoni inayofanya kazi, hata kikitokea cha dharura sio lazima umpige nusukaputi na kumpitishia mrija kooni, kitendo ambacho kwa mapafu mabovu ni hatari kwake na kinaweza kurusha virusi kwa wafanyakazi.

Woga huohuo nauona kwenye dawa na vipimo. Picha ya eksirei ya kifua mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno, lakini wajawazito wangapi wananyimwa kwa sababu ya ile alama ya onyo mlangoni? Mwenye influenza anatakiwa apewe dawa ya oseltamivir mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48 za mwanzo, na ujauzito ni sababu ya kuharakisha sio ya kusubiri. Homa ishushwe kwa paracetamol. Majaribio mengi ya dawa za korona yaliwafungia wajawazito nje, ila lile kubwa la Uingereza linaloitwa RECOVERY liliwakubali, na Juni 2020 lilipoonesha kwamba dawa za jamii ya steroidi zinaokoa maisha ya wenye kuhitaji oksijeni, wajawazito nao walikuwa na namna yao, prednisolone badala ya deksamethasoni. Mtu aliyemnyima mama dawa ile kwa sababu tu ana mimba hakumlinda mtoto, alimwacha mtoto ndani ya mwili unaokosa hewa.

Mtoto akishatoka, linakuja lile linaloniuma zaidi kuliko yote. Kuwatenganisha.

China walipendekeza mtoto atengwe na mama siku 14. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho Aprili 2020 kilishauri mama na mtoto watenganishwe kwa muda, halafu Julai mwaka uleule kikabadilisha ushauri. WHO wao toka mwanzo walisema mtoto awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye, mama avae barakoa na anawe mikono. Nani alikuwa sahihi? New York, hospitali tatu zilifuatilia watoto 120 waliozaliwa na mama wenye korona kati ya Machi na Mei 2020. Mama walivaa barakoa, waliosha mikono na kifua kabla ya kunyonyesha, watoto wengi walilala chumba kimoja na mama zao, na waliopimwa hawakukutwa na kirusi. Hata mmoja. Na hapo tunaongelea mji ambao kirusi kilikuwa kimejaa mpaka hospitali moja ilipoamua kuwapima wote wanaokuja kujifungua, ilikuta 33 kati ya 215 wanacho, na 29 kati ya hao 33 hawakuwa na dalili yoyote.

Hebu isome tena hiyo 29 kati ya 33. Maana yake ni kwamba mama anayekohoa unayemkimbia amezungukwa na mama wasiokohoa unaowakaribia bila barakoa. Kinga ya mfanyakazi haiwezi kutegemea nani anaonekana mgonjwa. Barakoa nzuri inayokaa sawa usoni, madirisha yanayofunguka, mikono safi, kwa kila mama na kila zamu. Wakunga na manesi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, wengi walipelekwa kazini na barakoa moja ya wiki nzima na wenzao walikufa. Mtu hawezi kukaa dakika nzima akihesabu pumzi za mgonjwa huku moyoni anahesabu watoto wake aliowaacha nyumbani. Ukitaka mama aangaliwe kwa karibu mpe kwanza anayemwangalia kitu cha kujikinga, hapo hamna njia ya mkato.

Rudi kwa mtoto. Hasara ya kumtenga haionekani kwenye chati ya maambukizi ndo maana watu waliiona kama bure. Mtoto njiti akiwekwa kifuani kwa mama, ile inayoitwa huduma ya kangaruu, joto lake linashikika, anajifunza kunyonya, anapona. WHO na wenzake walikadiria mwaka 2021 kwamba huduma hii ikiwafikia wote wanaoihitaji inaweza kuokoa maisha ya watoto wachanga mpaka 125,000, na walikuwa wanasema wazi kwamba faida hiyo ni kubwa kwa mbali kuliko hatari ya mtoto kufa kwa korona. Maziwa ya mama nayo yanabeba kinga dhidi ya kilekile kirusi kinachomwogopesha kila mtu. Tukamnyang'anya.

Lakini hapa niongeze neno maana sitaki mtu achukue ya korona aibandike kila mahali. Kwa mtoto mchanga influenza na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa, ni wakali zaidi kuliko korona ilivyokuwa. RSV hasa, ule kwa watu wazima wengi ni mafua ya kawaida tu, ndo unaowajaza vichanga wodini wakihema kwa shida, na mara nyingi unaletwa na kaka au dada yake wa miaka mitatu anayekuja kumbusu mtoto pua inachuruzika. Kwa hiyo mama anyonyeshe ndiyo, ila barakoa isiwe ya mapambo, avae kila anapomshika mtoto mpaka dalili ziishe, akimaliza kunyonyesha kitanda cha mtoto kisogezwe pembeni kidogo, na wageni wenye mafua wamwone mtoto wiki ijayo. Akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kumbeba, asaidiwe kukamua maziwa na mtu mzima asiye na dalili amnyweshe mtoto.

Kuhusu msindikizaji, sijui kwanini mpaka leo tunabishana. Mwishoni mwa Machi 2020 baadhi ya hospitali New York zilizuia kabisa wasindikizaji leba, wanawake wakazaa peke yao, kelele zikawa kubwa mpaka gavana Andrew Cuomo akatoa amri kwamba kila mama aruhusiwe mtu mmoja. Ushahidi ulikuwepo miaka kabla: tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 zilishaunganishwa pamoja 2017 na zikaonesha mwenye mtu wa kumtegemeza muda wote anazaa kawaida zaidi na kupasuliwa mara chache. Ila kwa mama mwenye nimonia naongeza sababu nyingine ambayo sioni ikisemwa. Msindikizaji ni macho. Ndiye atakayegundua kwamba midomo imebadilika rangi, kwamba sasa anaongea maneno mawili mawili, kwamba amelala ila sio usingizi. Kwenye wodi yenye mkunga mmoja na mama kumi, kumtoa msindikizaji ni kuzima kengele.

Na hofu ikishatoka nje ya geti la hospitali inaua zaidi. Nepal walifuatilia hospitali 9 kabla na wakati wa lokdauni ya 2020, waliokuja kujifungua hospitalini walipungua kwa zaidi ya nusu, watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa wakapanda kutoka 14 mpaka 21 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya vichanga kutoka 13 mpaka 40. Sio kwamba kirusi kiliwaua wale watoto. Usafiri haukuwepo, watu waliogopa, na waliofika wengi walifika wamechelewa. Mama mmoja akisikia kwamba jirani yake alikohoa akafungiwa peke yake, akanyang'anywa mtoto, unadhani akipata homa wiki ya 37 atakuja? Atakaa kimya nyumbani mpaka ashindwe kuhema.

Chanjo nisiipitie juujuu japo najua inachosha watu. Chanjo za korona zilijaribiwa mwanzoni bila wajawazito, kwa hiyo zilipotoka hamna aliyekuwa na jibu la kuwapa, wakaambiwa wajadiliane na daktari, na kwenye ule ukimya uvumi ukajenga nyumba. Matokeo yake, Oktoba 2021 Uingereza ilitangaza kwamba karibu asilimia 20 ya wagonjwa mahututi kabisa wa korona walikuwa wajawazito ambao hawajachanjwa. Mwezi uliofuata zikatoka takwimu za Marekani zinazoonesha mama mwenye korona wakati wa kujifungua alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuzaa mtoto aliyekufa, na kipindi cha delta, ile aina ya kirusi cha korona iliyosambaa 2021, ikawa mbaya zaidi. Kumwacha mjamzito nje ya majaribio kwa nia ya kumlinda kulimweka mstari wa mbele bila ngao. Kwa influenza hali ni nzuri zaidi, WHO mwaka 2012 iliwaweka wajawazito juu kabisa kwenye orodha ya kuchanjwa, na RSV sasa ina chanjo ya mama iliyoanza kuidhinishwa 2023, anachomwa miezi ya mwisho na mtoto anazaliwa na kinga tayari. Hizi ni sindano mbili zinazoweza kumkinga mama na mtoto, na bado mama wengi wanamaliza kliniki zote bila mtu kuwatajia.

Kitu cha mwisho ni siku za baada, ambazo naona zimesahauliwa kabisa. Korona ina tabia ya kuwa mbaya wiki ya pili, siku ya saba, ya nane, ya tisa hivi toka dalili zianze. Mama aliyejifungua siku ya tatu ya dalili anaonekana mzima, anaruhusiwa kesho yake kwa sababu wodi inataka kitanda na yeye anataka kwenda kwao, kwa hiyo wakati anazidiwa yuko nyumbani na kichanga, amechoka, na kila anayemwona anahema anasema ni uchovu wa uzazi. Damu yake nayo iko kwenye kipindi inapoganda kirahisi kuliko hata wakati wa mimba, mguu ukivimba mmoja au kifua kikichoma ghafla hiyo ni safari ya hospitali palepale. Kwa hiyo kabla hajaondoka, mtu ahesabu siku kwenye kalenda pamoja naye na msindikizaji wake, waandike tarehe ya siku ya saba mpaka ya kumi, namba ya simu ya wodi iwe juu ya karatasi hiyo, na siku hizo wodi ndo impigie yeye, imsikilize anavyomaliza sentensi moja nzima bila kukata pumzi.